KIRAKA KIPATANE NA NGUO



Marko Mtakatifu atupasha, katika sura ya 2 ya Injili yake, neno moja la Bwana wetu ambalo wengi hulipita mbio, kwa kuwa macho yao yamekwisha kuelekea kwenye divai na viriba vinavyofuata. Ni neno la kiraka. Bwana aonya kwamba nguo kuukuu haishonewi kiraka kipya, maana kipya kitaivuta ya zamani, na tundu litazidi lilivyokuwa. Wataalamu wa Maandiko hutueleza, nao wana haki, kwamba hapo pana fundisho kubwa juu ya mambo mapya aliyoyaleta Kristo. Lakini leo twapenda kukaa kidogo na sindano yenyewe. Nguo mpya ikifuliwa hurudi, yaani hupungua. Nguo kuukuu imekwisha kurudi siku nyingi, haipungui tena. Basi ile huvuta, hii huchanika. Aliyekulia katika nyumba ya seremala wa Nazareti aliyajua hayo, na yamkini alimwona Mama yake akichagua kitambaa kilichofuliwa mara nyingi kabla ya kutunga uzi.

Tena, wana wa Zebedayo walipoitwa hawakukutwa wakivua. Walikutwa chomboni wakitengeneza nyavu.

Twayataja haya kwa sababu katika nyumba zetu kazi ya kutengeneza vitu kwa mikono yetu haikomi. Tairi kuukuu huzaa katambuga, kopo tupu huzaa kibatari, mguu wa kiti uliovunjika hufungwa kwa ukanda wa mpira. Wapo vijana waonao haya kwa mambo hayo, wakidhani kiraka ni tangazo la umaskini. Hao tuwaache kwa leo. Mfuko ukipungua watajifunza. Tunaowaandikia ni wale watengenezao kwa moyo, lakini wasiouliza kwanza: kitu hiki kimeharibika kwa sababu gani, na sehemu hii niigusayo ina kazi gani?

Mtazame mtu azibaye pancha ya baiskeli. Mwenye haraka huona tundu, hupaka solushoni, hubandika kiraka papo hapo, hujaza upepo, huondoka. Asubuhi tairi limelala. Hulaumu solushoni, hulaumu duka. Lakini fundi mwenye akili huutia mpira wa ndani upepo kidogo, huuzamisha katika karai la maji, naye hungoja mapovu yamwonyeshe mahali. Hutia alama. Kisha, kabla ya jambo lingine lolote, hupitisha vidole polepole ndani ya tairi la nje, kwani mwiba uliotoboa jana bado umo, wangoja kutoboa tena. Akiisha kuung'oa, huukausha mpira, huukwaruza kwa msasa mpaka mng'ao wake uishe, maana juu ya mpira laini na mchafu solushoni haishiki. Hupaka solushoni nyembamba, pana kuliko kiraka, naye hungoja dakika chache mpaka ikauke, isinate kidoleni. Hapo ndipo hubandika na kukandamiza kwa nguvu. Kungoja huko ndiko kunakomshinda mwenye haraka. Hudhani solushoni ikikauka imekufa, kumbe ndipo imekuwa tayari. Mtoto wa miaka kumi aweza kufundishwa kazi hii Jumamosi moja, naye hataisahau.

Pancha iliyozibwa vibaya humtembeza mtu kwa miguu, basi. Yako makosa yenye hasara kubwa zaidi. Birika au ndoo ya bati ikitoboka, wengine huyeyusha risasi ya betri kuukuu ya gari na kuziba nayo. Kwa macho kazi ni njema: risasi haiyeyuki mpaka moto ufikie nyuzi 327 za Selsiasi, na maji huchemka kwa nyuzi 100, kwa hiyo kiraka hukaa imara na tone halidondoki. Lakini risasi ni sumu. Maji hulika nayo kidogo kidogo, na vitu vikali kama ndimu na ukwaju huzidi kuitoa. Haina harufu, wala haigeuzi ladha ya chai. Hudhuru ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani husema kwamba hakuna kiasi chake kijulikanacho kuwa salama. Chombo cha namna hiyo na kiwe cha kubebea mchanga au kuoteshea miche. Cha kunywea kisiwe tena. Akina baba wanaoyeyusha betri uani, watoto wakiwa wamezunguka moto, twawasihi waache, kwani moshi na vumbi lake ni vibaya kuliko birika lenyewe.

Sasa twafika kwenye fyuzi, na hapa mhariri hana budi kuungama hadharani. Seminarini tulikuwa na pasi moja ya umeme kwa bweni zima. Fyuzi ya plagi yake iliungua mara mbili katika juma moja. Mara ya tatu nilichukua karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, nikaizungushia fyuzi iliyokufa, nikairudisha. Pasi ikawaka, nikasifiwa kuwa fundi. Ilifanya kazi karibu mwezi mzima.

Fyuzi si kipande cha njia ya umeme tu, ni mlinzi. Uzi wake umefanywa mwembamba makusudi, ili umeme ukipita kiasi uwe wa kwanza kukatika, kabla waya za nyumba hazijapata moto. Iliyoandikwa 3 yafaa redio na taa. Pasi hutaka ya 13. Nayo ikiungua mara mbili mfululizo, inasema jambo. Ilikuwa ikiniambia kwamba waya wa pasi umechakaa pale uingiapo kwenye mpini, ambapo hupindwa kila siku, na kwamba nyuzi mbili za ndani zimeanza kugusana. Mimi nilimnyamazisha msemaji.

Jumamosi moja jioni, mwenzangu alipokuwa akipiga pasi kanzu za watumishi wa altare, zile nyuzi ziligusana. Karatasi yangu haikukatika upesi kama uzi wa fyuzi. Waya ukawaka mkononi mwake, mpira ulioyeyuka ukamganda kiganjani, na kanzu mbili zikaungua. Hakuniuliza kitu. Nilikwenda mwenyewe kwa Padre Gambera nikasema.

Alinipa adhabu, kisha akaniketisha na kunionyesha dawa yake. Ilikuwa kazi ya nusu saa. Tulichomoa plagi, tukafungua mpini, tukakata waya kiasi cha shibiri moja, sehemu yote iliyochakaa, tukaunganisha upya penye waya mzima, tukatia fyuzi mpya ya 13, ya bei ndogo kuliko sabuni. Pasi hiyo ilitumika miaka mingine mitatu. Mwenzangu leo ni paroko, na kila ainuapo mkono kubariki, mimi nikiwapo, huliona lile kovu.