SOMO KWA WAMAMA: MWUGUZI ANAPOKUULIZA MAULIZO



Siku ya kupima kilo, mwuguzi anakuja kwako na kaye na biki. Anauliza: "Kitovu cha mtoto kilianguka siku ya ngapi? Uliweka nini pale? Nani alikuambia uweke?" Wewe unafikiri moyoni: "Huyu ananitega. Nikisema kweli atanigombeza mbele ya watu." Basi unajibu: "Sikuweka kitu."

Leo tujifunze sababu ya maulizo hayo. Kuuliza si ujinga. Ulizo jema linaweza kuponya mtoto, na jibu la uongo linaweza kumpoteza.

1. Wamama waliona mbele ya waganga

Zamani katika mji wa Vienna, nchi ya Austria, hospitali moja kubwa ilikuwa na sehemu mbili za kuzalisha. Katika sehemu ya kwanza walifanya kazi waganga na wanafunzi wao. Katika sehemu ya pili walifanya kazi wakunga. Mwaka 1846, kwa kila wamama 100 waliozalia katika sehemu ya kwanza, karibu 11 walikufa. Katika sehemu ya pili hawakufika 3.

Wamama wa mji ule walijua jambo hilo. Walilia, wakaomba wasipelekwe katika sehemu ya kwanza. Mganga mmoja, jina lake Semmelweis, alilifanya jambo hilo kuwa ulizo: "Sababu gani wanakufa hapa kuliko pale?" Akatafuta, akaona kwamba waganga na wanafunzi walipasua maiti, kisha walikwenda kupima wamama kwa mikono ile ile. Wakunga hawakupasua maiti. Mwaka 1847 aliamuru kila mtu anawe mikono kwa maji yenye dawa ya klorini. Mwaka 1848 waliokufa katika sehemu ile walikuwa karibu 1 tu kwa 100.

Angalia, mama: ulizo lile lilikuwa tayari katika vinywa vya wamama. Ilibaki mtu wa kulisikia na kulifuata mpaka mwisho.

2. Ulizo jema ni la namna gani?

Wauguzi wanaotaka kufanya uchunguzi juu ya uzazi na watoto wachanga wanachagua kwanza ulizo moja. Kuchagua ni kazi ngumu. Tuangalie maulizo matatu.

"Sababu gani watoto wachanga wanakufa?" Ulizo hili ni kubwa mno. Ni kama kutaka kubeba mlima kwa kitunga.

"Sababu gani wamama hawana usafi?" Ulizo hili ni baya. Limekwisha kuhukumu mbele ya kusikia. Mama akiulizwa hivi atanyamaza au atadanganya.

"Katika siku 7 za kwanza nyumbani, ni nini kinachowekwa juu ya kitovu cha mtoto, na ni nani anayekiweka?" Hili ni ulizo jema. Ni dogo, linaweza kupata jibu, halimlaumu mtu. Tena jibu lake linaweza kubadilisha kazi yetu. Pengine tutaona kwamba anayeosha mtoto ni mama mkwe. Basi tumekuwa tukimfundisha mtu mmoja, na anayeshika mtoto ni mwingine! Tutamwalika mama mkwe naye aje kwenye somo.

3. Jibu la mahali pengine halitoshi

Kuna dawa ya kupaka kitovu, inaitwa klorheksidini. Huko Nepal waliichunguza, na mwaka 2006 walitangaza kwamba vifo vya watoto waliopakwa vilipungua karibu robo. Lakini katika kisiwa cha Pemba, nchi ya Tanzania, walichunguza watoto zaidi ya 30,000, na majibu yaliyotoka mwaka 2016 hayakuonyesha wazi kwamba dawa ile ilipunguza vifo kuliko kuacha kitovu kikavu.

Kwa hiyo Shirika la Afya la Dunia linasema: weka kitovu kiwe safi na kikavu. Dawa ile ni ya mahali ambapo watu wengi wanaweka vitu vibaya juu ya kitovu. Na sisi hapa, watu wanaweka nini? Hakuna mtu wa Nepal wala wa Pemba anayeweza kutujibu. Ni wewe, mama.

4. Kazi yako

Sema kweli. Kama uliweka majivu, mafuta, dawa ya miti au mavi ya ng'ombe, sema bila haya. Wewe unalala na mtoto na kuona kitovu kila siku. Sisi tunamwona mara moja moja tu. Mwuguzi anayekugombeza kwa sababu ya kusema kweli anaharibu kazi yake mwenyewe.

Uliza nawe: "Mnataka kujua hivi sababu gani? Jina langu litaandikwa?" Ni haki yako kujibiwa. Ni haki yako pia kukataa kuingia katika uchunguzi, na hata ukikataa, mtoto wako atatunzwa sawasawa na wengine.

Lete ulizo lako. Kama umeona jambo linalorudi kijijini, utuambie. Pengine ndilo ulizo tunalotafuta.

5. Tusingoje uchunguzi

Kitovu kibichi ni mlango ulio wazi. Mikrobi wanaingia pale, hata wale wa tetanosi. Basi:

- Pata sindano za tetanosi wakati wa mimba.
- Kitovu kikatwe kwa wembe mpya au chombo kilichochemshwa.
- Nawa mikono kwa sabuni mbele ya kukishika.
- Usiweke kitu juu yake, ila dawa uliyopewa na mwuguzi. Kiache kikauke. Kwa kawaida kinaanguka katika juma la kwanza au la pili.
- Kitovu kikitoa usaha au harufu mbaya, ngozi pembeni ikiwa nyekundu, mtoto akipata homa au baridi, akikataa kunyonya au akikakamaa mwili, mlete siku ile ile, hata usiku.

KUMBUKA: Mwuguzi akikuuliza, hakutafutii kosa. Anatafuta njia, na wewe ndiwe unayejua njia ile inapita wapi.

Maulizo ya kuzungumza pamoja

1. Kwetu nyumbani, nani anatunza kitovu cha mtoto?
2. Ni jambo gani tunaogopa kumwambia mwuguzi? Sababu gani?
3. Kama ungeweza kuwapa wauguzi ulizo moja la kuchunguza, ungewapa lipi?

Mungu awalinde ninyi na watoto wenu.