Wembe wa Babu

Marehemu babu yangu alikuwa kinyozi sokoni Keroka, pale Kisii na Nyamira zinapopakana. Aliniachia wembe wake wa kukunja. Mvua za Aprili nikaufungia sandukuni ukiwa na unyevu, na siku niliyoutoa nikakuta kutu. Nililia, usinicheke!

Je, utautambuaje wembe wa zamani? Soma mkiani, karibu na msumari wa mpini. Wangu umeandikwa Solingen, mji wa Ujerumani. Nyingine huandikwa Sheffield, Uingereza. Kisha chunguza mpini. Pembe huwa na nyuzinyuzi. Seluloidi ukiisugua kwa kidole hutoa harufu ya kafuri. Usiijaribu kwa sindano ya moto, itawaka ghafla! Tena ikizeeka hutoa mvuke wa asidi unaokula chuma, kwa hivyo wembe kama huo usiufungie ndani ya kopo.

Ufute kwa kitambaa kikavu, kisha upake mafuta ya cherehani. Ukiusugua kwenye mkanda wa ngozi, mgongo utangulie, makali yafuate, la sivyo utaukata mkanda. Na usichangie wembe na mtu, damu hubeba virusi vya Ukimwi.

Wa babu haunyoi tena. Kila Jumapili naufuta, lakini lile doa la kutu bado lipo.