Mgeni Akishukia Machakos Kantri

Somo la mwezi: kumtembeza mgeni Nairobi ya zamani

Mgeni wako ameshuka Machakos Kantri asubuhi na mapema, mkoba begani, gunia la maembe miguuni. Kabla hajauliza njia, vijana watatu wameshamzunguka. Mmoja kashika mkoba, wa pili anaita teksi, wa tatu anamwambia stesheni ya reli iko mbali sana. Mjomba wangu aliwaamini. Alilipa teksi pesa zinazokaribia nauli ya basi lililomleta kutoka Kitui, kwa safari ambayo kwa miguu ni takriban dakika 20.

Kwa hivyo somo hili ni la mwenyeji. Mgeni hana kosa.

Nairobi ya zamani ni ndogo. Reli ilifika hapa mwaka wa 1899 na mji ukamea kando ya stesheni. Mtaa wa Muthurwa ulijengwa na wasimamizi wa reli kwa ajili ya wafanyakazi wao: safu za nyumba za chumba kimoja, bomba na vyoo vya pamoja, karibu na karakana ili mtu aende kazini kwa miguu. Mahali palipopangwa kwa ajili ya watembea kwa miguu, anza kwa miguu.

Gunia la maembe lisikusumbue. Mwenye mkokoteni atalifikisha nyumbani, bora mpatane bei hadi mlangoni kabla hajalipakia, na mmoja wenu aandamane naye.

Anzia Makumbusho ya Reli, jirani na stesheni, yaliyofunguliwa mwaka wa 1971. Humo mna behewa ambamo simba alimuua afisa wa polisi Charles Ryall pale Kima mwaka wa 1900. Mkiwa na watoto, tengeni muda. Kisha fuateni barabara ya Haile Selassie, mpite Marikiti, hadi soko la Muthurwa. Vukeni pamoja, palipo na kivuko. Mgeni aliyezoea barabara ya kijijini hukadiria vibaya kasi ya matatu.

Muthurwa ndipo penye kazi. Soko hili na steji yake vilijengwa miaka ya 2000 ili kupunguza wachuuzi na matatu katikati ya jiji, na hadi leo magari mengi ya Eastlands huanzia hapa. Mfundishe mgeni mambo haya kabla hamjaingia steji. Asome kibao kwenye kioo cha mbele, asimsikilize anayepiga kelele mlangoni. Namba 58, kwa mfano, ni ya Buruburu. Aulize nauli akiwa bado chini, tena amuulize kondakta mwenyewe, kwa sababu anayeita abiria steji hulipwa kwa kujaza gari na hatakuwepo ubishi ukizuka njiani. Mvua ikinyesha nauli hupanda. Sote tunalijua hilo, mgeni halijui. Mkoba aupakate mapajani, na akikaa dirishani simu ibaki mfukoni. Akipotea asiende na kila anayejitolea kumwonyesha njia. Amuulize mama anayeuza chai au mwenye kibanda, watu wasiohama mahali pao.

Kutoka hapo, matatu inayopita barabara ya Jogoo itawashusha karibu na City Stadium. Mwambieni kondakta mapema, "Tushushe Stadium." Upande mmoja ni soko la Burma, jina lililobaki kutoka vita vya askari wetu huko Asia. Nyuma ya uwanja ni Kaloleni, mtaa wa miaka ya 1940 wenye nyumba za mawe na vigae, na ukumbi wa kijamii katikati. Mtaa huu hutembelewa polepole. Msipige picha za nyumba za watu bila kuomba ruhusa.

Bodaboda inafaa kwa mwendo mfupi mitaani. Patana bei kwanza, na kofia ya usalama mvae nyote wawili, mwendeshaji na abiria. Katikati ya jiji bodaboda zimewekewa vizuizi, hivyo mwendeshaji anayeahidi kukufikisha huko huenda akakushusha nusu ya njia. Mama mzee mwenye magoti mabaya, teksi ni bora kwake, na hapo gharama ina sababu.

Mgeni wa kutoka Mombasa kwa SGR hushuka Syokimau, nje kidogo ya jiji. Kuna treni ya kumleta hadi stesheni ya zamani mjini, na huenda ndiyo njia nzuri kuliko zote ya kuiingia Nairobi. Treni nyingine za abiria wa jiji hufuata saa za wafanyakazi, asubuhi na jioni, kwa hivyo ulizeni ratiba dirishani kabla ya kuzitegemea.

Kama mgeni anarudi kwao jioni hiyo hiyo, mfikishe Machakos Kantri kabla ya saa kumi alasiri. Baadaye barabara ya Landhies hujaa, na mkiwa na haraka mtashuka mapema mmalizie kwa miguu. Tikiti akate kwenye ofisi ya basi lenyewe.