Bata Mdomo-Kijiko wa West Bay

Somo la leo limetokana na kosa langu mwenyewe, kwa hiyo mkicheka chekeni taratibu.

Mwishoni mwa Oktoba nilikwenda West Bay kuhesabu ndege kwa ajili ya zoezi la darasani. Sehemu kubwa ya ardhi ile ilikuwa bahari. Ilifukiwa, na hoteli ya Sheraton ikafunguliwa mwaka 1982. Basi kwenye maji yaliyotulia nikawaona bata 11, wote kahawia wenye madoadoa. Nikaandika "majike 11", nikakabidhi ripoti.

Mwenzangu mmoja mwenye darubini akaniuliza, "Macho umeyaangalia?" Nikabaki kimya.

Bata huyu kwa jina la kitaalamu ni Spatula clypeata. Humkosi: mdomo wake mrefu umepanuka mbele kama kijiko. Kando kando ya mdomo kuna vijino laini kama vya kitana, kama 110 hivi. Huogelea kichwa chini, akipeleka mdomo kulia na kushoto, maji yanatoka, vijidudu na mbegu vinabaki. Chujio la chai hasa! Mara nyingine kundi zima huzunguka duara, kila mmoja akila kilichotibuliwa na aliyemtangulia. Kwa kawaida hazamii mwili mzima, na akishtuka huruka moja kwa moja kutoka majini bila kukimbia kwanza.

Sasa kosa langu. Dume tunayemwona vitabuni ana kichwa cha kijani, kifua cheupe na ubavu wa rangi ya kutu. Lakini baada ya msimu wa kuzaliana, huko Ulaya na Asia, hunyonyoka manyoya ya mbawa na kwa wiki kadhaa hawezi kuruka. Wakati huo huvaa rangi za jike ili adui asimwone, na hukaa nazo mpaka vuli. Jicho ndilo linalomtoa: la dume ni la njano, la jike kwa kawaida ni la kahawia. Tena bega la bawa lake lina buluu iliyokolea zaidi.

Niliomba ripoti yangu irudishwe, nikarudi West Bay na darubini ya kuazima. Macho ya njano yalikuwa manne.

Mnaokwenda likizo Kenya Desemba, piteni Naivasha au Nakuru. Bata hawa hufika huko pia wakati wa baridi ya kaskazini. Kufikia hapo madume wengi wameanza kurudisha kijani, ila msiache kuangalia macho.