Uvimbe wa Taya: Si Kila Mara Ni Jino

Wazee wengi wa Kijaluo waling'olewa meno sita ya mbele ya chini walipokuwa vijana. Desturi hiyo iliitwa nak. Wazee walisema pengo lile lina faida: mgonjwa wa pepopunda akikaza taya, atapewa uji kupitia hapo. Leo ni wachache wanaofanya hivyo, lakini funzo limebaki. Taya likifungika, maisha yako hatarini.

Sasa tuseme mtoto wa jirani ameamka na shavu limevimba. Nyanya anasema, "Ni jino tu, litapoa." Je, ni kweli? Tujifunze uvimbe wa aina tatu.

1. Jipu la jino
Jino lililooza huingiza wadudu mpaka kwenye mzizi, usaha unajaa. Jino linauma sana, shavu lina joto, na pengine kuna homa. Uvimbe ukishuka shingoni au chini ya ulimi, au mgonjwa akishindwa kumeza au kupumua, msingoje asubuhi. Mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo.

2. Kifuko cha maji
Madaktari hukiita sisti. Mara nyingi huanzia kwenye mzizi wa jino lililokufa. Hakiumi, kwa hiyo mtu hukaa nacho miaka. Kumbe kinakua polepole na kula mfupa wa taya. Hujulikana kwa picha ya eksirei. Vidonge peke yake havikiondoi. Daktari wa meno hutibu mzizi au hung'oa jino, na kifuko kikiwa kikubwa hukitoa kwa upasuaji.

3. Uvimbe wa Burkitt
Huu ni saratani ya watoto. Mwaka 1958 Dakta Denis Burkitt, aliyefanya kazi Hospitali ya Mulago, Kampala, aliandika habari za watoto wenye uvimbe wa taya. Ugonjwa huu huonekana zaidi penye malaria nyingi, kama hapa kwetu kando ya ziwa. Taya huvimba upesi, kwa siku au wiki chache tu. Meno hulegea hata yakiwa mazima. Jicho linaweza kutokeza, au tumbo kuvimba. Kung'oa jino hakusaidii, kunapoteza siku tu. Lakini habari njema ni kwamba dawa za saratani huuweza ugonjwa huu, na watoto wengi wanaowahishwa hupona. Anzeni kituo cha afya kilicho karibu, muombe barua ya kwenda hospitali kubwa, kama ile ya Jaramogi Oginga Odinga, Kisumu, ambayo wengi huiita Russia.

Ufizi wa mtoto mchanga
Mtoto akiharisha na kuwa na homa, wengine husema ana "meno ya plastiki" na kumpeleka akakatwe ufizi. Akina mama, msikubali! Kile cheupe kinachotolewa ni jino lake changa. Mtoto anaweza kutokwa damu nyingi, au kupata pepopunda au virusi vya ukimwi kutokana na kifaa kichafu. Kinachomdhuru ni kuhara: mpe maji ya ORS, endelea kumnyonyesha, mpeleke kliniki. Uvimbe wa rangi ya buluu pale jino linapotokea kwa kawaida hupasuka wenyewe.

Kinga
- Piga mswaki asubuhi na kabla ya kulala, kwa dawa yenye floraidi. Kama hakuna mswaki, kijiti safi kilichotafunwa ncha kinafaa.
- Soda, peremende na chai ya sukari nyingi zisiwe za kila saa. Mtoto asilale na chupa ya chai tamu mdomoni.
- Jino likitoboka, litibiwe kabla halijafa.
- Watoto walale ndani ya neti iliyotiwa dawa.

Mazungumzo ya kikundi
1. Ni nani hapa ana jino lililooza, au uvimbe usiouma? Ataenda lini kupimwa?
2. Mtoto akivimba taya leo usiku, nauli ya kufika Kisumu itatoka wapi? Je, chama chetu kinaweza kutenga kidogo kila mwezi?
3. Ni nani atazungumza kwa heshima na wale wanaokata ufizi kijijini?

Msimalize mkutano kabla ya kujibu swali la pili. Uvimbe haungoji mchango.