Darsa la leo, Ramadhani 12: Maji ya baridi na uji wa moto



Jana baada ya Tarawehe mzee mmoja kaniuliza: "Sheikh, eti ukifuturu kwa maji ya baridi mafuta yanaganda tumboni?"

Hapana, mzee wangu. Mwili una joto la nyuzi 37 hivi. Ukinywa maji ya friji tumbo linapoa, lakini baada ya kama nusu saa joto linarudi palepale. Yakikusumbua, kunywa ya mtungi. Ila tusiwaharamishie watu kilicho halali.

Cha kuogopa ni uji na chai ya kuunguza. Hiyo inapita kooni kabla mwili haujaipoza. Mwaka 2016 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walisema vinywaji vya zaidi ya nyuzi 65 vina uwezekano mkubwa wa kusababisha saratani ya koo la chakula.

Mtume (s.a.w.) alifuturu kwa tende, akikosa, kwa mafunda ya maji. Na alikataza kupuliza kinywaji. Basi usipulize, subiri. Umesubiri tangu alfajiri, dakika kumi zikushinde?

Leo anza na tende na maji, kaswali Magharibi. Ukirudi, uji umeshapoa.

Allah atutakabalie funga zetu. Aamin.