Funksheni moja izae nyingine

SWALI: Nachambua kwa R takwimu za mbu walionaswa mitegoni vijijini Kilombero. Kila aina naiandikia funksheni yake, na zote zinaita hesabu() ileile. R haiwezi kunitengenezea?
Mchambuzi, Ifakara

JIBU: Inaweza. Andika inayozaa wenzake:

unda <- function(aina) {
  force(aina)
  function(data, ...) hesabu(data, aina = aina, ...)
}
mbu <- Map(unda, c("funestus", "arabiensis"))

Sasa ita mbu$funestus(data).

Usiiache force(). R haisomi thamani mpaka ihitajike. Ukitumia mzunguko wa for bila force(), funksheni zote zitahesabu aina ya mwisho, arabiensis, na hutaona onyo lolote. Hapo Kilombero kosa hilo ni zito mno, maana funestus, hata wakiwa wachache, ndio wanaoeneza malaria zaidi.

Na ziache ndani ya orodha hiyohiyo. Ukitumia assign(), itazitawanya ovyo.